Saa Kumi Alfajiri Chini ya Kirinyaga

Ukimuuliza mzee yeyote wa Nyeri Masingasinga waliuachia mji huu nini, atakuonyesha vitu vya kushikika. Atakupeleka kwenye majengo ya mawe ya kuchonga, atakugongea fremu za madirisha za mutarakwa ambazo mchwa ameshindwa kuzila, atakusimulia karakana ambako bodi za malori ziliundwa kwa nyundo na jicho tu. Yote hayo ni kweli, na mimi niliyezaliwa katika nyumba ya seremala nayaonea fahari. Lakini siku ya watu wetu katika miji hii ya mlima wa Kirinyaga haikuanza kwa msumeno. Ilianza saa tatu nzima kabla ya msumeno, gizani, kwa maji baridi na sala. Waliokuwa wakiamka saa hiyo karibu wote wamekufa au wamehama, na mimi mwenyewe nimekuwa bibi. Ndiyo maana naandika.

Walikuja kwa sababu ya reli. Kati ya 1896 na 1901 serikali ya Kiingereza iliajiri kwa mkataba vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab. Waliandikishwa Lahore, wakapandishwa meli Karachi, wakaletwa kujenga njia kutoka Mombasa hadi ziwani. Takriban 2,500 walikufa humo njiani, na 6,700 hivi wakaamua kubaki. Walikuwamo Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Miongoni mwetu waliobaki, na waliowafuata baadaye kwa nauli zao wenyewe, wengi walikuwa Ramgarhia, jamii ya mafundi: maseremala, wahunzi, waashi.

Mlimani tulichelewa kufika. Boma la Nyeri lilianzishwa Desemba 1902, lakini reli ya tawi ilifika Thika mwaka 1913, kisha ikapanda polepole kupitia Karatina na Kiganjo mpaka Nanyuki mwaka 1930. Kulima hatukuruhusiwa. Nyanda za juu zilitengwa kwa Wazungu, na waraka wa Devonshire wa 1923 ukalikazia jambo hilo. Mhindi wa Nyeri, basi, alikuwa na ploti yake mjini na mikono yake miwili. Babu yangu, tuliyemwita Bapuji, alifika reli ikiwa bado inajengwa. Alianzia kwenye kiwanda cha mbao upande wa Naro Moru, akipasua mutarakwa na muthengera, na baadaye akafungua karakana yake Nyeri mjini.

Kwa Singasinga, sehemu ya mwisho ya usiku, kabla hapajapambazuka, ndiyo saa ya kumkumbuka Mungu. Tunaiita amrit vela. Mtu huoga, kisha husoma Japji, utungo wa Guru Nanak, mwasisi wa dini yetu, wenye pauri, yaani beti, 38, na anayezijua nyingine huendelea nazo. Kule Punjab saa hiyo huhamahama: Juni jua huchomoza mapema sana, Desemba huchelewa na ukungu huwa mzito mashambani. Huku kwetu haihami. Nanyuki imekaa juu ya ikweta yenyewe na Nyeri iko kusini yake kidogo, kwa hiyo saa kumi alfajiri ni ile ile, giza ni lile lile, Januari hadi Desemba. Bapuji aliliona hilo kuwa neema. Alisema nchi hii haimpi mtu kisingizio.

Baridi ndiyo iliyokuwa mtihani. Mwezi wa Julai, gathano, msimu wetu wa baridi, imekaza na ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi uani, alikuwa akijaza ndoo kwenye bomba la nje na kuoga ndani ya bafu la mabati. Sisi wajukuu tulisikia maji, kisha pumzi ikikatika, kisha neno moja tu, jina la Mungu, Waheguru, likirudiwa mpaka sauti itulie. Baada ya hapo alifunga kilemba mbele ya kioo kidogo huku akisoma kwa moyo, na kila mkunjo wa kitambaa ulikuwa na pahali pake katika Japji. Mlinzi wa karakana, mtu wa Tetu aliyekaa nasi miaka mingi, alimwuliza siku moja, “Mzee, huyo Mungu wako hawezi kungoja jua litoke?” Bapuji akamjibu, “Yeye anaweza, kijana wangu. Mimi ndiye siwezi.”

Jibu hilo nimeishi nalo. Watu hudhani sala ya kila siku ni sheria ya kutimizwa, na wengine huifanya hivyo, siwezi kukataa. Lakini niliowaona wakiamka saa kumi hawakuamshwa na sheria. Waliamshwa na kukosa. Katika maandiko yetu mtu aliye mbali na Mungu anafananishwa mara kwa mara na ndege anayelilia tone la mvua hali amezungukwa na mito, au na samaki aliyetolewa majini. Uchungu huo wa kutengana una jina lake, birha, na kwetu hauchukuliwi kuwa ugonjwa wa kutibiwa. Unahesabiwa kuwa ndio mwanzo wa njia. Asiyeusikia, alisema Bapuji, bado hajaanza kusali hata kama amemaliza kusoma.

Jioni, vyombo vikishafutwa na kupangwa, walisoma Rehras. Kabla ya kulala, Kirtan Sohila. Katikati ilikuwa kazi, na kazi nayo ilikuwa ibada. Hapa lazima nimtaje Bhai Lalo. Mapokeo yanasema Guru Nanak alipofika Saidpur, mji ambao leo unaitwa Eminabad na uko Pakistan, alifikia kwa seremala maskini aitwaye Lalo, akala chapati zake kavu, akaukataa mwaliko wa karamu ya tajiri Malik Bhago. Alipoulizwa sababu, alikamua chapati ya Lalo yakatoka maziwa, akakamua chakula cha tajiri ikatoka damu. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika kila nyumba ya fundi kuanzia Thika hadi Meru, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Guru aliingia kwa seremala. Kwa hiyo mtu aliyesimama Naro Moru na randa mkononi, asiyekuwa na shamba, asiyeruhusiwa kuingia hoteli za Wazungu ambazo milango yake aliiunda yeye, alijua alikuwa nani. Bapuji alilitamka jina la Mungu kwa kila mvuto wa randa. Vijana waliojifunza kazi kwake walizoea sauti hizo mbili pamoja, ya mbao na ya jina, wakajua wakati gani wa kumsemesha na wakati gani wa kungoja.

Nyeri ilikuwa na gurudwara yake, nyumba ya ibada, na Nanyuki yake, bendera ya nishan sahib imesimama uani, jiko la langar, chakula cha wote, liko nyuma. Humo kila mwezi tuliadhimisha sangrand, siku ya kwanza ya mwezi wa Kipunjabi, ambayo huangukia katikati ya mwezi wa Kizungu. Siku hiyo husomwa Barah Maha, utungo wa miezi kumi na miwili. Katika Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, zimo tungo mbili za jina hilo: moja ya Guru Nanak katika raga, yaani mahadhi, ya Tukhari, nyingine ya Guru Arjan, yule aliyekusanya maandiko yetu mwaka 1604, katika raga ya Majh. Kila mwezi una ubeti wake, na kila ubeti unamfuata mwanamke anayemngoja mumewe aliye mbali. Mwanamke ni roho, mume ni Mungu. Hali ya hewa ya mwezi ndiyo hali ya moyo wake.

Sasa fikiria kuisoma hiyo chini ya Kirinyaga. Mwezi wa Sawan, katikati ya Julai hadi Agosti, Punjab yote huwa chini ya mvua: mawingu, radi, mashamba yamejaa maji, na mwanamke wa Nanak yuko peke yake usiku akiogopa umeme. Nyeri, Sawan ni ukungu mkavu wa gathano, jua halionekani wiki nzima, na tone la maana halidondoki. Mwezi wa Vaisakh, ambao Punjab ni wakati wa kuvuna ngano, kwetu huanguka katikati ya mvua za njahi, magari yamekwama barabara ya Karatina na watu wanapalilia. Poh, mwezi wa baridi kali inayounguza majani, ni Desemba na Januari, wakati Nanyuki vumbi limepaa na ng’ombe wanahemea maji. Theluji pekee iliyopo iko kule juu, kwenye vilele vya Batian na Nelion, na hiyo haina mwezi.

Mtoto mmoja katika darasa letu la Jumapili alimwuliza granthi, msomaji wa maandiko, kwa nini tunasoma mvua wakati hakuna mvua. Nakumbuka wazee walivyonyamaza, maana swali lilikuwa la haki. Granthi alisema kwamba kwa anayengoja, mvua haitoki mawinguni. Nilikuwa mdogo na sikuelewa. Leo naamini kwamba kutopatana huko kwa maneno na anga ndiko kulikowafanya wazee wetu wawe wasomaji wazuri kuliko wangekuwa kijijini. Kijijini ubeti wa Sawan ungeweza kufurahiwa kama wimbo wa msimu. Hapa haukuwa na pa kujishikiza nje. Ilibidi uingie ndani au uache kusomwa.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hawakulisema hadharani, na aliyelisema kwangu ni bibi yangu, Biji. Wengi wa mafundi hawa waliwaacha wake zao Punjab. Nauli ya meli ilikuwa ghali, vibanda vya viwanda vya mbao havikuwa pa kuweka familia, na wazazi wazee walihitaji mkamwana wa kuwatunza. Wakakaa hivyo miaka. Kwa hiyo sangrand ilipofika, kusanyiko la wanaume wenye ndevu, mikono imepasuka kwa gundi na vumbi la mbao, liliketi sakafuni Nyeri na kusoma kwa sauti ya mwanamke anayemlilia mumewe, na wakati huohuo, ng’ambo ya bahari, mwanamke halisi katika wilaya ya Jalandhar alikuwa amekaa katika gurudwara ya kijiji akisikiliza ubeti uleule na mume wake yuko kweli Afrika. Biji alikuwa mmoja wa hao. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na Barah Maha yote moyoni. “Wanaume waliisoma kama neno la Guru,” aliniambia, “mimi niliisikia kama habari zangu.”

Wapo wacha Mungu ambao hawatapenda niseme hivi. Watasema kiu ya roho kwa Muumba haifai kuchanganywa na upweke wa mke wa fundi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Guru angeweza kuchagua mfano wowote akachagua huu, na hakuuchagua kwa kuwa ni mrembo. Aliuchagua kwa sababu watu wanaujua mwilini. Biji alipofika hatimaye, akashuka Mombasa, akapanda treni hadi Kiganjo na kukuta mume mwenye mvi, hakuacha kuisoma. Aliniambia kwamba kukutana na Bapuji kulimfundisha kuwa kile alichokuwa akikingoja kilikuwa kikubwa kuliko Bapuji. Alisema hivyo huku akikanda unga, na alimpenda sana mumewe.

Bapuji naye alikuwa na sala yake aliyoishikilia zaidi, Shabad Hazare. Mapokeo yanasema Guru Arjan, akiwa kijana, alitumwa na baba yake Guru Ram Das kwenda Lahore kwenye harusi, akaambiwa asirudi mpaka aitwe. Akaandika barua ya kumlilia baba, kisha ya pili, na kaka yake Prithi Chand akazificha zote mbili. Ya tatu aliiandika namba tatu, na kwa namba hiyo baba akajua kwamba mbili zilipotea, akamwita nyumbani. Barua hizo zikawa sala. Bapuji alitia namba barua zake zote. Ndani ya sanduku la bati la Biji nilizikuta zimefungwa kwa uzi, na juu ya kila moja, kwa penseli ya seremala, namba.

Mwaka 1947 India iligawanywa. Kijiji chetu kilibaki upande wa India, lakini jirani zetu wa Nyeri na Nanyuki wengine walikuwa wa Sialkot, wa Gujranwala, wa Lyallpur, na kwa mstari mmoja wa ramani vijiji vyao vikawa nchi wasiyoweza kurudi. Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, ikabaki Pakistan. Kwenye Ardas, dua tunayoisimamia mwisho wa kila ibada, likaongezwa ombi la kujaliwa tena kuzizuru na kuzihudumia gurudwara tulizotenganishwa nazo. Tangu hapo hutamkwa kila siku. Nimewaona wazee, hasa wale wa Gujranwala, wakishindwa kulimaliza ombi hilo bila sauti kukwama. Ujia wa mahujaji wa kwenda Kartarpur, huko Pakistan, ambako Nanak aliishi miaka yake ya mwisho, ulifunguliwa Novemba 2019. Walionifundisha kuiomba njia hiyo walikuwa wamekwisha kuchomwa na majivu yao kutawanywa.

Wa Gujranwala alikuwa pia Makhan Singh, aliyezaliwa Gharjakh mwaka 1913 na kuletwa Kenya akiwa mvulana, mwaka 1927. Huyu hakuwa mtu wa amrit vela. Alikuwa mkomunisti na mwasisi wa vyama vya wafanyakazi. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru wa nchi hizi waziwazi. Mwezi uliofuata alikamatwa, na kesi yake ikasikilizwa hapa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, wakili Chanan Singh akimtetea. Alizuiliwa hadi Oktoba 1961, Lokitaung, Maralal na Dol Dol kaskazini ya Nanyuki. Wazee wetu walibishana sana juu yake. Wengine walimwogopa, wengine walimwonea fahari kimya kimya. Mimi namweka katika historia hii bila kusita. Watu waliolelewa katika kumngoja wasiyemwona hawakosi kuzaa mmoja anayengoja nchi.

Kisha ikaja hali ya hatari ya miaka ya Mau Mau, misitu ikafungwa, viwanda vya mbao vikanyamaza, na kwenda gurudwara gizani kukawa kuhatarisha maisha. Bapuji alihamishia sala zake jikoni, kando ya jiko la makaa. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo kwa niaba ya watu wetu. Mateso makubwa yalikuwa ya jirani zetu Wakikuyu, na wao wameyasimulia wenyewe.

Kilichotupunguza ni kuhama. Mwaka 1967 zilipitishwa sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, na asiyekuwa raia hakuweza tena kufanya biashara kwa uhakika katika mji mdogo. Machi 1968 Uingereza nayo ikaubana mlango wake kwa wenye pasipoti zake. Familia zilipima, zikagawanyika, ndugu mmoja akachukua uraia na mwingine akachukua ndege. Mwaka 1969 tuliadhimisha miaka 500 ya kuzaliwa kwa Guru Nanak. Nilikuwa msichana, na nakumbuka langar kubwa kuliko zote nilizoziona Nyeri: sufuria za dengu, karai la karah parshad likikorogwa na wanaume wawili kwa zamu, unga, sukari na samli kwa kipimo sawa, na nusu ya waliokuwa wakikoroga walikuwa na tiketi.

Ukitaka kuona jinsi sangat, jumuiya yetu ya ibada, ilivyopungua, usihesabu milango iliyofungwa. Tazama Akhand Path. Hiyo ni kuisoma Guru Granth Sahib yote, kurasa 1,430, bila kukatisha, kwa takriban saa 48, wasomaji wakipokezana usiku na mchana. Zamani Nyeri iliweza peke yake. Baadaye tuliomba wasomaji kutoka Nanyuki na Karatina. Baadaye zaidi tuliwaita wa Thika na hata Nairobi, wakafika kwa gari usiku, wakasoma zamu yao, wakalala kwenye mikeka, wakasoma tena. Ikafika mwaka ambao tulipanga majina kwenye karatasi na saa za usiku wa manane zikabaki tupu. Hapo wazee wakaamua: tusome Sehaj Path. Ni usomaji uleule wa kurasa zote, lakini wa polepole, kidogo kidogo, unaoweza kuchukua miezi. Baadhi walilia. Mama yangu hakulia. Alisema sasa angalau tutasikia tunachosoma.

Naona mama alikuwa sahihi. Akhand Path ina fahari yake, na mtu aliyepata kuamka saa nane usiku kumpokea msomaji mwenzake bila neno kukatika hawezi kuisahau. Lakini usomaji wa polepole unamrudisha mtu kwa yule mwanamke wa miezi kumi na miwili, ambaye hapewi kila kitu kwa siku mbili.

Serikali ilipotutangaza mwaka 2017, sisi Wakenya wote wa asili ya Kihindi, kuwa kabila la 44 la Kenya, binamu zangu wa Birmingham walinipigia simu wakishangilia. Siku za sangrand pia hupiga. Kwao Sawan huja na siku ndefu na jua, na Poh huja na theluji ya kweli mlangoni, kwa hiyo wao wana miezi miwili au mitatu inayopatana na maandiko na mingine isiyopatana, kama sisi. Tunasoma pamoja kwenye simu, wao saa mbili au tatu nyuma yetu.

Hapa Nyeri tumebaki wachache. Jikoni anatusaidia mama mmoja kutoka Kamakwa ambaye chapati zake zinazidi zangu, naye anajua Ardas inapokaribia mwisho na huinua sufuria wakati unaofaa. Sehaj Path ya sasa tuliianza mwezi wa Chet, mvua za njahi zikikaribia. Utungo wa miezi wa Guru Arjan, ukurasa wa 133, tumeshaupita. Ule wa Nanak uko ukurasa wa 1107, na kwa mwendo wetu tutaufikia mvua za Novemba zikiwa zimeanza. Nimeomba siku hiyo zamu iwe yangu, na nimewaambia wenzangu nitasoma kwa sauti, kwa mwendo wa Biji.